Kanga wa Mbao

Naimah, uko? Usinipigie, siwezi kuongea. Soma tu.

Asubuhi nilipanda hadi shamba letu la Mahango na baba kutega kanga wanaokula maharage yetu. Unawajua wale kanga wawili wa mbao aliowachonga mwenyewe, akawapaka madoa meupe. Aliwasimamisha shambani, tukajificha nyuma ya migomba, yeye na kamba ya wavu mkononi.

Kanga wa kweli wakashuka. Akavuta. Watatu ndani! Baba alicheka kama siku ya Idi.

Akachinja wa kwanza, wa pili, wa tatu. Halafu akamchukua mmoja wa mbao.

Naimah, wa MBAO. Akasema Bismillahi, akapitisha kisu shingoni.

"Hajara, huyu iko mugumu. Mbona hatoi damu?"

Nikamwambia, "Baba, huyo ni wa mbao. Ulimchonga wewe."

"Mimi? Lini?"

Hakuwa anatania. Alinitazama, anangoja jibu.

Nikasema basi tumpeleke nyumbani mzima. Akakubali. Kwenye boda alimbana mabawa asiruke.

Sijalia. Sihisi kitu chochote. Nimekaa tu nanyonyoa manyoya.

Mama ananiuliza mbona mzee amerudi na furaha hivi.