Wifi Alipoacha Kunyonyesha

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za ugenini? Kile kifua kimepoa, au bado unalala na koti? Sisi hatujambo, ila tumetoka mbali, na mambo yenyewe hayasemeki kwa simu ya kukatikakatika.

Mwanao alilazwa. Usishtuke, ameshatoka, amelala hapa ubavuni mwangu.

Ilianza wifi alipovimba titi, akashikwa na homa. Zahanati wakampa dawa. Daktari alimweleza mbiombio, akamuuliza, "Umeelewa?" Akaitikia, "Ndiyo." Unamjua mkeo: kwenye cherehani yake hadanganyiki, lakini mbele ya koti jeupe hukubali kila kitu. Karatasi ya dawa hata mimi ilinishinda. Jirani akamwambia maziwa yameingia sumu. Nawe ulipopiga simu ukasema, "Mwachishe, usiniulie mwanangu." Akamwachisha.

Maziwa ya kopo akayazidisha maji ili yadumu, na chupa aliisuuza tu bila kuichemsha. Mtoto akaharisha mpaka macho yakazama, analia bila machozi. Nilimbeba mbio hospitali, wifi nyuma yangu, pekupeku.

Mtoto alipotundikiwa maji na kutulia, muuguzi wa wodi alikaa na mkeo kitandani. Hakumkaripia. Alimweleza kwamba dawa ile haimdhuru mtoto, na kwamba titi likivimba hivyo, mtoto aendelee kunyonya. Kisha akasema, "Haya, sasa nieleze wewe, kama unavyomweleza wifi yako." Wifi akajikwaa, akaanza upya. Mwisho akasema, "Kumbe ningeendelea tu." Akaangua kilio, nami nikageukia ukutani.

Maziwa yalikuwa karibu yakauke. Sasa anamweka mtoto titini kila mara, anakamua kwa mkono, na yanarudi kidogo kidogo. Titi moja bado halitoi kitu. Muuguzi anasema tusikate tamaa, ila hakuahidi.

Sikulaumu, ulisema kwa uchungu wa mzazi. Lakini neno la baba aliye mbali ni zito, na wifi siku hizi simu ikilia anashtuka. Ukipiga, usianze na mtoto. Muulize yeye kwanza kama amekula.

Mama anakusalimu sana, na shemeji yako fundi bomba anasema uvae soksi. Mungu akufunike huko uliko, akurudishe mzima.

Dada yako akupendaye,
Mama Pacha.