Mke Mwenzangu na Safari ya Msata

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Wiki ya tatu sasa mjukuu wangu Ashatu yuko kwangu hapa Bagamoyo. Ana miaka kumi na tisa, chuo kimempa ruhusa ya matibabu, na leo ameitia chai yangu sukari mara tatu. Nimeinywa. Mwalimu mstaafu hamwagi chai.

Daktari alisema hajaugua akili, ila yuko ukingoni. Mara husikia anaitwa, kumbe hakuna aliyemwita. Na akili yake haishiki mambo mawili kwa pamoja. Huenda ikapita, huenda ikazidi. Alale vya kutosha, apewe jambo moja moja, aandikiwe. Aandikiwe! Hatimaye daktari mwenye busara.

Jumatano, 3 Septemba
Nimepaka mlango wa jiko rangi nyeusi, umekuwa ubao. Nikaandika hatua za pilau, kumi na moja, kwa mwandiko wa darasa la kwanza. Ashatu akapika huku akitia vema kila hatua. Hakuunguza hata kitunguu.

Pilau halina chumvi. Nikatengeneza hotuba yangu, nikamshika mkono hadi ubaoni nimwonyeshe kosa lake. Hatua kumi na moja, vema kumi na moja, chumvi hakuna popote.

Mwandishi ni mimi. Nimekwenda kuleta chumvi mwenyewe.

Ijumaa, 5 Septemba
Tangu Ashatu azaliwe, marehemu babu yake alimwita “mke wangu”, nami humwita “mke mwenzangu”. Ndivyo tulivyolelewa. Zamani alinijibu kwa ulimi mkali hadi majirani wakacheka. Leo nikamwambia, “Mke mwenzangu, kwa kufagia huku, mzee angekupa talaka.”

Akaweka ufagio chini. Akauliza taratibu, “Bibi, nani amesema nifukuzwe?”

Nikamweleza kuwa ni utani. Nilieleza vizuri, kwa mifano. Utani ukielezwa hufa. Tulimalizia ua pamoja – mimi nikafagia vibaya kuliko yeye.

Jumapili, 7 Septemba
Baba yake, mwanangu Abdullatif, amekuja kutoka Dar na barua ya chuo. Ashatu arejee chuoni tarehe 15, la sivyo nafasi inapotea. Abdullatif anataka abaki nyumbani.

“Mama, mtu anayesahau maji motoni ataweza wapi maisha ya chuo?”

Nikasema basi apimwe. Ampelekee shangazi yake Dija mkeka, Msata, peke yake, arudi siku hiyohiyo. Akiweza, chuo. Abdullatif alikubali upesi mno, kama mtu anayejua jibu.

Ashatu alikuwa mlangoni. “Nataka kurudi, Bibi. Hata ile chai ya kantini naitaka.” Ubaya wa chai ile amenisimulia. Kweli anataka.

Jumanne, 9 Septemba
Karatasi ya safari. Moja, panda basi la Morogoro. Mbili, kaa karibu na kondakta. Tatu, shuka Msata. Nne, nipigie simu. Nimeisoma mara tatu nikitafuta chumvi. Imekamilika!

Ashatu akaongeza mstari wa tano kwa penseli. Hakunionyesha.

Alhamisi, 11 Septemba
Saa mbili asubuhi ameondoka. Saa nne – kimya. Nimekuna nazi mbili, iliyohitajika ni moja. Abdullatif, aliyebaki kusubiri matokeo, anazunguka uani.

Saa tano simu imelia.

“Shikamoo, Bibi. Niko Ubena.”

Ubena! Kupita Chalinze! Nilisahau hata kumwitikia marahaba.

“Basi lilisimama Msata. Nikasikia naitwa nyuma, nikageuka nitazame nani. Likaondoka.” Akavuta pumzi. “Hakukuwa na mtu, Bibi. Najua.”

Nikamwambia akae hapohapo, namfuata.

“Usije. Nimesoma mstari wa tano.”

“Unasemaje?”

“Ukipitilizwa, usikimbie. Muulize mama anayeuza kitu. Nimemuuliza mama wa machungwa. Amenionyesha basi la kurudi Msata, nimeshakaa karibu na kondakta.” Kisha, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu mwaka jana: “Hatua hiyo uliisahau, mke mwenzangu. Kama chumvi. Mzee angekupa talaka wewe.”

Nimecheka peke yangu jikoni, nikafuta macho kwa kanga. Kisha nikaketi kuandika haya, maana mikono imekataa kazi nyingine.

Abdullatif ameingia. Anatazama simu, ananitazama mimi.

“Mama, amefika?”

Miaka thelathini na minne nimewaadhibu watoto kwa uongo mdogo kuliko huu wa “ndiyo” unaonijia mdomoni. Nimemwambia asubiri, naandika.