Uso Mpya wa Kikongwe

4 Machi

Kwako mdogo wangu,

Pokea salamu, zijae mpaka zimwagike mlangoni. Hujambo? Mama hajambo? Miguu yake bado inavimba au imekubali dawa? Shemeji na watoto je? Mimi ni mzima kama chuma kipya, na ukisikia kuna mtu alizaliwa na bahati begani, usihangaike kumtafuta, ndiye huyu anayekuandikia.

Sikiliza mambo. Bosi wa garaji kaniita ofisini mbele ya watu wote, kasema, "Kuanzia leo wewe ndiye mkuu wa mafundi." Nikamjibu, "Bosi, umechelewa, lakini nakusamehe." Walicheka mpaka mmoja akajidondoshea spana mguuni. Sasa nina ofisi ya kioo, nina kiti cha kuzunguka, na gari la kampuni likinishusha nyumbani jioni majirani wanafunua mapazia. Mimi huyu, niliyetoroka shule kwa ajili ya hesabu za sehemu! Nimeishi kwenye nchi za watu, nimekula meza moja na matajiri na vichaa, bahati ya namna hii sijaiona hata kwenye sinema.

Tuje kwa Kikongwe. Pikapu ya marehemu baba haiwezi kuendelea kutembea na sura ile wakati kaka mtu ni mkuu wa mafundi. Injini yake ya dizeli najua bado inakohoa vizuri. Chasisi yake ni ya enzi zile watu walikuwa hawabanii chuma. Shida ni uso tu. Basi nimekupakilia kwenye kontena uso mzima wa toleo jipya: boneti, fenda zote mbili, grili, bampa, na taa kali kama macho ya paka.

Mpe fundi wa bodi, yule tunayemwita Cheche. Lakini mwambie vizuri: havifungwi hivi hivi. Toleo jipya ni pana kuliko Kikongwe. Itabidi akate vishikio vya zamani kwenye chasisi, achomelee vingine, na asogeze rejeta mbele. Kazi aianzie mlangoni, maana mlango ndio hauhami. Fenda ndiyo iufuate.

Na kiti cha dereva msikiguse. Kikongwe ni wetu sote wawili, baba alitamka hivyo mimi na wewe tukisikia. Siku nikichoka na utajiri nitarudi nikae pale mimi, tubebe mizigo ya watu, wewe ukipiga domo na wateja.

Kaka yako


19 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Sisi hatujambo, mama anakuombea kila akisimama na kila akikaa. Hongera sana kwa cheo. Nilimsomea barua yako, akataka nirudie mahali pa ofisi ya kioo. Nikarudia. Akasema, "Basi mwanangu kashatoka."

Mzigo umefika bila hata mkwaruzo. Cheche kaufunga wote asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshanawa mikono. Kaka, umekaa kama umezaliwa pale! Hakukata kitu, hakuchomelea kitu, boliti zimeingia tundu kwa tundu. Watu wanasimama barabarani kutazama.

Ila taa bado haziwaki. Kama nafasi ipo, naomba waya zake za toleo hilohilo, pamoja na soketi. Na ukipata dashibodi, siyo mbaya.

Mdogo wako


11 Juni

Mdogo wangu,

Salamu tele, na mwambie mama shikamoo yangu aipokee kwa mikono miwili. Afya yangu usiulize, nanenepa kwa kukaa ofisini.

Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya vijana wangu. Mmoja, mnyoosha bodi, kaacha nyundo: "Hakukata kitu?"

"Hakukata."

"Toleo jipya kwenye lile la zamani?"

Nikamwambia, "Kwetu mafundi wana mikono ya malaika, ninyi huku mna mikono ya kushikia vijiko." Wakacheka. Yeye hakucheka, aliguna tu. Mguno wenyewe umenikaa sikioni kama mbu.

Waya nimezituma, na dashibodi ipo humo humo nimeifunga kwa blanketi langu. Nilidhani utaiweka sebuleni kama pambo, maana kwenye Kikongwe sijui itakaa wapi. Au Cheche kapata ufundi mwingine? Hebu niambie: nafasi kati ya fenda na mlango ikoje? Kidole kinapita? Na mbona picha hutumi? Au Kikongwe kawa mrembo mpaka anaona haya?

Kaka yako


30 Julai

Kaka,

Shikamoo. Wote wazima. Mama miguu imepungua.

Nafasi unayoiuliza haipo, hata ukucha haupiti. Dashibodi imeingia vizuri na redio inaimba. Picha nitatuma, simu iliangukia kwenye ndoo.

Kuna lori lilirusha kijiwe, kioo cha mbele kimepasuka. Huku ni adimu. Naomba ututafutie kioo cha mbele cha toleo jipya.

Mdogo wako


16 Agosti

Mdogo wangu,

Natumaini mu wazima. Mimi mwili upo.

Nimeisoma barua yako nimekaa, nikaisoma nimesimama, nikatoka nje nikaisomea juani labda macho ndiyo mabovu. Kioo cha mbele cha toleo jipya hakiingii kwa Kikongwe hata ukipake siagi ukisomee dua. Boneti unaweza kuibembeleza. Fenda unaweza kuikata. Lakini fremu ya kioo ndiyo kichwa chenyewe cha gari, na huwezi kumvalisha mtu fuvu la mwenzake. Wewe umekulia chini ya pikapu ile, ulikuwa unamshikia baba tochi. Hilo unalijua.

Sasa nauliza kama mkubwa wako. Gari ambalo uso wangu umeingia tundu kwa tundu ni gari gani? Ambalo dashibodi imekaa, na ukucha haupiti mlangoni, na sasa linataka kioo, ni gari gani? Na Kikongwe yuko wapi?

Nimepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, tena mafuta niliyoleta mwenyewe. Nijibu.

Kaka yako


2 Oktoba

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama hajambo? Nauliza kwa sababu hujajibu.

Nikipiga simu shemeji anasema umetoka. Siku nyingine nilikusikia ukikohoa nyuma yake. Kikohozi chako nakijua tangu utotoni, tulikuwa tunalala kitanda kimoja. "Katoka na pikapu," anasema. Pikapu ipi, mke wa ndugu yangu? Akakata.

Sitaki kioo, sitaki picha. Nataka neno moja: yupo au hayupo?

Kaka yako


3 Novemba

Kaka yangu,

Shikamoo. Naandika huku naona aibu, lakini naandika.

Kikongwe hayupo. Barua yako ya kwanza ndiyo iliyonipa wazo. Kulikuwa na mwuza mboga wa jumla hapa mtaani, pikapu yake ya toleo jipya iligonga ukuta, uso wote ukaondoka, akawa anataka kuachana nayo. Nikajua uso unakuja. Nikampa Kikongwe na akiba ya mama, akanipa hiyo. Yeye alimtumia Kikongwe wiki chache, kisha akamuuza kwa watu wa vyuma chakavu. Walimkata palepale uani kwao. Sikwenda kutazama.

Hii mpya imeandikishwa kwa jina langu na la mke wangu. Mama anajua tangu mwanzo. Nilimuuliza, "Kaka tumwambie?" Akasema, "Mtu mwenye ofisi ya kioo atalilia bati? Mwache na furaha yake, mtamharibia kazi bure."

Kaka, sikukuibia kwa chuki. Nilijisemea, huyu ana cheo, ana gari la kampuni, ana kiti cha kuzunguka. Hivi kweli ataacha yote hayo aje abebe magunia na mimi? Ulipoandika habari ya kurudi nilijua ni utani wako ule ule. Mimi nina watoto na sina bahati kama yako. Kila mtu anachukua pale panapomfikia.

Ukikasirika una haki. Lakini usikate salamu, mama atashtuka.

Mdogo wako


24 Novemba

Mdogo wangu,

Salamu. Mama mpe shikamoo yake, ila mwambie leo imetoka kwa shida.

Nilidhani nitakutukana. Nilikuwa na matusi ya lugha nne nimeyapanga, ungejifunza kitu. Lakini nikifika pale ulipoandika "sikwenda kutazama" naishiwa nguvu. Ningekuwepo ningemtazama mpaka mwisho, ningewaambia wakate taratibu, na boliti ya kushoto ya mlango huwa inazungushwa kinyume.

Mlikaa meza moja, wewe na mama na mke wako, mkanipangia cha kujua na cha kutojua. Mimi huku nafunga dashibodi kwa blanketi langu na baridi ndiyo inaanza. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko bati. Ungeuliza tu. Neno moja: "Kaka, unarudi au unatania?" Ningekujibu.

Pikapu hiyo endesha, watoto wapate kula, sina kinyongo na watoto. Badilisha oili mapema, turbo yake haitaki mchezo kama injini ya baba. Akiba ya mama mrudishie kwa kazi hiyo hiyo.

Na jibu la swali ambalo hukuliuliza ni hili. Nilikuwa narudi kweli. Begi limefungwa tangu Septemba. Vipuri vile nilipewa badala ya ujira wa siku zangu za kupumzika, kwa kuosha vyuma vyenye grisi nyuma ya garaji, ambayo ndiyo kazi yangu na ndiyo ilikuwa kazi yangu siku zote. Mgongo umegoma, wameniambia nisirudi tena, na kuendesha pikapu ni kazi pekee niliyobaki nayo ambayo mtu anaifanya amekaa.

Bosi hakuniita mbele ya watu. Ofisi ya kioo haipo, gari la kampuni halipo. Ile bahati niliitunga.

Kaka yako