Maneno Matano ya Aleksi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Aleksi kaja na habari njema! Kuna kampuni ya ulinzi inaajiri hapa Tabora mjini. Sare, viatu, bima ya mtoto. Usaili mwisho wa mwezi. Anasema hawapimi misuli tu, wanapima na akili.

Kanipa karatasi. Imeandikwa kwa peni ya bluu, mwandiko si wake. Maneno matano: goti, daraja, asali, kengele, pamba. Anatakiwa ayashike, akiulizwa baada ya dakika tano ayataje. Halafu ataje miezi kwa kurudi nyuma, kuanzia Desemba. Halafu leo ni siku gani, tarehe ngapi.

“Wewe ulifika kidato cha pili, Mama Bene. Nifundishe.”

Nimefurahi mpaka nimeona haya. Kila Jumapili namwomba Mungu mume wangu aache ngumi. Hasa tangu mwezi uliopita, aliporudi kutoka pambano la Nzega jicho limevimba. Eti aliteleza ulingoni. Jasho. Nikaamini.

Swali moja tu. Mlinzi wa geti miezi ya kurudi nyuma ataifanyia nini?

Jumatano, 11 Juni

Asubuhi nakaanga vitumbua, namuuliza. Goti — daraja — asali — basi. Kengele imemtoroka. Miezi: Desemba, Novemba, Oktoba, Septemba, Agosti... halafu Septemba tena. Kacheka. Bene kampigia makofi baba yake, anadhani ni mchezo.

“Tena,” anasema Aleksi. Sijawahi kumwona na bidii hivi! Amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, magoti pamoja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nimempenda upya leo.

Lakini uji wake katia chumvi badala ya sukari. Sawa, mikebe inafanana. Kaonja. Katia tena ile ile. Kanywa mpaka mwisho, kasema mtamu.

Nilimwangalia. Labda utani. Aleksi ni mtu wa utani.

Ijumaa, 13 Juni

Nimefanya jambo la aibu. Nimempeleleza mume wangu.

Alisema ofisi ya hiyo kampuni iko ghorofani, juu ya duka la mzee Champaklal, anakouza misumari na rangi. Nikambeba Bene mgongoni nikaenda. Ngazi ipo. Kibao hakuna. Nikamuuliza mzee, shikamoo, ofisi ya walinzi ni hapa juu?

“Marahaba. Juu hapa kwangu nyumbani, mama. Analinda mke wangu tu. Mkali kuliko mbwa!”

Wateja wakacheka. Mimi nikacheka pia. Kampa Bene pipi. Nimerudi nyumbani.

Kwa nini adanganye kitu kidogo hivi? Au kuna mwanamke? Lakini mwanamke gani anataka umtajie miezi kinyumenyume!

Jumapili, 15 Juni

Tumetoka misa tukamkuta Kocha Lukumani kakaa mlangoni kwetu, kavaa kanzu safi, karanga mkononi.

“Shemeji, mwanafunzi wako anaendeleaje?”

Nimesimama. Mwanafunzi? Kocha wa ngumi anajuaje habari ya usaili wa ulinzi? Aleksi haraka haraka: kocha ndiye aliyenitafutia hiyo kazi. Kocha naye: eeh, ndiyo, ndiyo. Wamejibu wote wawili kwa pamoja. Watu wa kweli hujibu mmoja mmoja.

Aleksi alikaa akiziba macho kwa kiganja, jua linamchoma. Kocha akamcheka. “Wazee wetu Wanyamwezi walitoka hapa Unyanyembe na pembe za ndovu kichwani mpaka Bagamoyo, miezi mitatu! Wewe kichwa kinauma kwa jua?”

“Wazee wako hao, kocha. Babu yangu mimi ni Mrundi, kafika kambi ya wakimbizi Ulyankulu juzi tu. Hakubeba pembe ya mtu.”

Tumecheka sana. Hata mimi. Lakini kocha alipoondoka aliacha karatasi nyingine yenye maneno yale yale, ya akiba. Peni ya bluu. Mwandiko ni wake.

Jumanne, 17 Juni

Sasa najua. Heri nisingejua.

Bombani nilikuwa na Siwema, mke wa Renatus. Renatus na Aleksi wanafanya mazoezi pamoja, kule nyuma ya mashine ya kusaga. Nangoja ndoo ijae, najisemea tu mdomoni: goti, daraja, asali...

“Kengele, pamba!” kamalizia Siwema.

Nikamuuliza kayajulia wapi. Kacheka mpaka kanga ikamdondoka. “We Inamahoro, hayo hata Renatus wangu alikariri mwaka jana. Ni ya yule daktari wa mabondia. Anawasomea maneno, anapiga nao porojo kidogo, halafu anawauliza tena, aone kama kichwa kimetikisika. Toka mwaka juzi hajabadilisha! Kocha kayaandika, anawapa.”

Nikasema Aleksi ana usaili. Kaniangalia kwa huruma. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nzega hakuteleza. Renatus alikuwepo kwenye kona. Aleksi aliangushwa raundi ya sita, akalala macho wazi, hajibu, maji yakamwagwa. Alipoamka aliuliza pambano linaanza saa ngapi. Daktari wa kule akasema miezi miwili asiguse glovu. Na sasa kocha kamchukulia pambano Mwanza, Jumamosi ya tarehe tano Julai, litaonyeshwa kwenye TV. Daktari akimpitisha tu, anapanda.

Wiki nzima nimemfundisha mume wangu jinsi ya kuficha ugonjwa. Mimi! Kwa mdomo wangu, na vitumbua juu.

“Usilie mbele za watu,” kasema Siwema. “Unataka mumeo apite au asipite?”

Jumatano, 18 Juni

Nimemuuliza. Hakukataa.

“Ningekwambia ni ngumi, ungenifundisha?”

Hapana.

“Ndiyo maana.” Kanishika mkono. Ni pambano moja tu, anasema, la mwisho. Watu wa Dar watamwona. Miaka tisa anapigana kwenye kumbi za harusi, mara moja aonekane. Nikamuuliza kichwa kinauma? Kichwa cha nani hakiumi, kasema. Nikamuuliza unakumbuka ulivyoanguka? “Nakumbuka nilivyoambiwa.”

Mchana redio kwa jirani ilikuwa inajadili ngumi zipigwe marufuku au zisipigwe. Mmoja kapiga simu: huo ni uuaji wenye tiketi. Mwingine: mbona bodaboda zinaua kila siku, nazo zifungwe? Mtangazaji anacheka. Hakuna aliyemuuliza mke.

Aleksi kasema: sasa unajua, basi nifundishe vizuri. Nimesema sawa.

Alhamisi, 19 Juni

Nimebadilisha neno moja.

Sikupanga. Nilikuwa nasoma — goti, daraja, asali — na mdomo ukasema kikapu. Badala ya kengele. Nikangoja aniambie, we mama, umekosea. Siku kumi anasema kengele!

Kasema: “Goti, daraja, asali, kikapu, pamba.” Katabasamu. “Nimepata yote?”

Umepata yote, nikamwambia. Nikaenda nje kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Jumamosi, 21 Juni

Kikapu bado kikapu. Leo nimeongeza shoka pahali pa goti. Hakushtuka.

Alfajiri alikimbia mpaka Kwihara kama kawaida. Njia hiyo angeweza kuikimbia amelala. Amerudi saa tano, kaletwa na mwenye baiskeli ya mkaa. Eti alimkuta amesimama njia panda, anauliza mjini ni wapi. Yule mzee alidhani kalewa. Aleksi kasema alikuwa anapumzika.

Kamwita Bene “Irankunda”. Ndilo jina la dada yake Aleksi, marehemu. Mtoto kamwitika hivyo hivyo, kwa kuwa ni baba.

Jumatatu, 23 Juni

Maziwa badala ya asali. Mlango badala ya daraja. Jiwe badala ya pamba. Hakuna neno la zamani lililobaki, na yeye hajui.

Shoka, mlango, maziwa, kikapu, jiwe. Anayasema akijifunga viatu. Anayasema akimwogesha mtoto. Ameyashika! Siku hizi hapotezi hata moja. Nafundisha vizuri kuliko kocha.

Ile karatasi nimeiingiza kwenye jiko. Na ile ya akiba.

Je, nikiwa nimekosea? Daktari akisoma maneno yake, Aleksi akagundua hapo hapo, akajua ni mimi? Hajawahi kuniinulia mkono. Silihofii hilo. Nahofia atakavyoniangalia. Na upande wa pili nawaza: kama ni mzima kweli, atasikia maneno ya daktari, atayataja ya daktari. Mtu mzima hawezi kudanganywa na mke wake kwa kikapu. Si ndivyo? Basi nimemwekea mtihani wa haki. Hivyo ndivyo ninavyojiambia.

Jumatano, 25 Juni

Kesho. Leo hataki kufundishwa, anasema kichwa kimejaa. Kanitazama nikisonga ugali, kaniuliza mbona huongei. Nikasema moshi.

Anashuku? Sijui tena nani anamshuku nani humu ndani.

Alhamisi, 26 Juni

Walipimwa kwenye chumba cha pembeni ya ukumbi. Mimi na Bene kwenye benchi nje, Siwema pembeni yangu. Renatus kaingia, katoka, dole gumba juu. Kisha Aleksi, na kocha nyuma yake.

Amekaa sana. Bene kalala.

Kocha katoka kwanza, sauti juu. “Shoka! Kikapu! Hayo umeyatoa wapi wewe?” Aleksi nyuma, shati limefungwa vifungo vibaya. “Ndivyo ninavyokumbuka, kocha.”

Daktari ni kijana, mpole. Kaniita mimi. Kasema maneno peke yake angeweza kuyasamehe, watu huingiwa na woga. Lakini yalimtia wasiwasi, akamwambia asimame kwa mguu mmoja afumbe macho. Kaanguka. Mara tatu. Akamuuliza tupo mji gani, akasema Nzega. Apelekwe Mwanza akapigwe picha ya kichwa, na asiguse glovu mpaka yeye aione picha. Ngumi moja tu inaweza kutosha, mama. Kalirudia hilo mara mbili.

Kumbe ni kweli! Nilimshukuru Mungu, halafu nikaona aibu kumshukuru.

Njiani kocha kanigeukia. “Shemeji, zile karatasi nipe.”

Bene kazitafuna, nikasema.

“Zote mbili?”

Zote mbili.

Kaniangalia kuanzia kanga mpaka usoni. “Haya. Mtoto ana njaa ya elimu.”

Aleksi alimchukua Bene kutoka mgongoni kwangu akambeba mwenyewe mpaka nyumbani, polepole, anaangalia kila anapokanyaga.

Ijumaa, 27 Juni

Nimempigia mama, kule kijijini Puge. Nimemwambia yote isipokuwa niliyofanya. Kasema mlete huku alime taratibu, apumzike, hewa ni nzuri. Shamba la alizeti lipo. Nimeanza kukunja nguo za mtoto. Nimeona kama tumepona!

Aleksi kalala mchana kutwa, shuka usoni.

Jumamosi, 28 Juni

Kocha hakukata tamaa. Kapata daktari mwingine, hasemi wapi. Huyo ana maneno yake, na kocha keshayapata. Jumatatu asubuhi wanaenda. Pambano liko pale pale.

Kaja mwenyewe na karatasi, kakataa kunipa. “Safari hii nafundisha mimi, shemeji. Wewe pumzika, una mtoto wa kula karatasi.”

Nilikuwa tayari kupiga kelele, majirani waje. Nikasema daktari kakataza, daktari alisema ngumi moja, nani atambeba huyu, wewe? Kocha akasema daktari yule ni mtoto mdogo, hajui ngumi.

Ndipo Aleksi akanyoosha mkono. “Lete hiyo karatasi, kocha. Mwalimu wangu ni huyu.”

Kocha akasema mwalimu wako ndiye aliyekuangusha, hujaona? Kalisema waziwazi, mbele yangu.

“Kama si yeye, sisomi. Na Jumatatu siji.”

Kocha kaitupa karatasi mezani, kaondoka bila kuaga.

Sasa tumebaki watatu. Mchana, mlango wazi, kuku wanaingia wanatoka. Nikamwambia Aleksi nataka kukuambia kitu. Kasema usiniambie. Kachukua karatasi, imekunjwa bado, kaniwekea juu ya daftari hili.

“Mimi sijaiangalia,” kasema. “Wala usinionyeshe. Nitajie tu, unavyoona wewe.”

Unavyoona wewe! Nimemuuliza maana yake nini. Kavuta ndoo yake. Anajua? Alijua tangu kikapu? Au kachoka tu, na hakumsikia kocha vizuri?

Nimeikunjua. Neno la kwanza ni samaki. Naandika ili mikono iwe na kazi. Yeye kakaa kwenye ndoo yake, Bene katikati ya magoti, amefumba macho, ananingoja nianze.