Sala ya Madam Praxides

Alhamisi. Mawingu yamekaa juu ya mtaa wetu wa Umoja tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Nimeunguza vitunguu na sijali.

Shajara, leo sikuletei hekima. Nimemkasirikia Madam Praxides na nataka kumkasirikia vizuri, bila mtu kuniambia nivute pumzi.

Nianze mwanzo. Chuo kimenileta shuleni kwa mafunzo ya vitendo ya ushauri nasaha, na Madam Praxides, mwalimu wa ushauri wa shule, ndiye msimamizi wangu. Ni mama wa kanisa, sauti nzito, leso begani. Kila asubuhi kabla ya kengele walimu husimama ofisini kwao na mmoja wao huomba kwa zamu. Hakuna anayekosa zamu, hata mimi wa mafunzo, hata yule wa hesabu asiyeamini chochote.

Wiki iliyopita Mwende wa kidato cha tatu aliingia chumba chetu cha ushauri, ambacho kwa kweli ni stoo ya mipira yenye viti viwili. Alikaa ukingoni mwa kiti, nikadhani amekosea mlango. Halafu akasema. Mama yake yuko Uarabuni, kazi za nyumbani. Binamu aliyeachiwa nyumba alihama bila kwaheri. Mwende anaishi mtaa wa Kware, yeye na mdogo wake tu, anampikia, anamfulia, anamkagulia masomo. Hakuogopa njaa. Aliogopa kwamba mjomba wake akijua atamchukua yule mdogo ampeleke Kitui, wao watenganishwe.

Jambo kama hilo siwezi kulikalia, na nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba msimamizi wangu lazima ajue. Alifikiri, akakubali. Tukapatana kwamba Ijumaa, yaani kesho, tungempigia simu pamoja shangazi yake anayeishi hapa Umoja. Shangazi na mama yake hawasemezani, ndiyo maana Mwende aliomba siku chache za kujipa moyo. Yeye mwenyewe ndiye angeongea kwanza.

Nikamweleza Madam. Alinishika mkono, akatoa machozi. Machozi ya kweli, hilo siwezi kumnyima.

Jana ilikuwa zamu yake kuomba.

"Baba, tunamleta mbele zako binti wetu wa kidato cha tatu, hatutaji jina, ambaye mama yake yuko ng'ambo, na anahangaika kule Kware na mdogo wake, bila mtu mzima..."

Nilifungua macho. Walimu wamefumba, wanaitikia mmm, na niliona kabisa jinsi kila mmoja alivyokuwa akimtafuta kichwani. Kufikia saa ya chai jina lilikuwa mezani pamoja na mandazi. Mwalimu mmoja anasali kanisa moja na yule mjomba. Alimpigia simu, kwa wema tu. Hapa kila mtu hufanya mambo kwa wema tu.

Jioni mjomba alifika Kware. Leo alfajiri ameondoka na yule mdogo.

Mwende alikuja shuleni hata hivyo. Nilimkuta kwenye mfereji akinawa uso. Nikamwambia pole. Hakuinua macho.

"Madam, si ulisema ni wewe na Madam Praxides tu? Sasa hata mpishi ananiambia nijikaze." Kisha, kwa adabu iliyonikata maini, akaongeza, "Tafadhali, msiniombee tena."

Nilienda moja kwa moja kwa Madam. Alikuwa anakoroga chai. Nikamwambia amemuuza mtoto. Ndiyo, nilitumia neno hilo hilo.

"Mwanangu, kwani nilitaja jina? Na si mtoto sasa ako na familia? Mungu amejibu." Akapuliza chai yake. "Wewe una kisomo, lakini roho ya ushauri bado. Unyenyekevu huna. Na hao watu wa chuo nitawaambia."

Awaambie.

Chuoni tulifundishwa kutunza siri, kumheshimu anayetuamini, kuwa na moyo wa kusikiliza. Hakuna aliyetufundisha cha kufanya siri ikivuja huku watu wamefumba macho. Nilimpigia mhadhiri wangu, akaniambia nivumilie nimalize. Nivumilie! Mimi nimepoteza nini?

Linaloniudhi zaidi ni kwamba huenda yule mdogo yuko salama zaidi Kitui. Huenda. Lakini Mwende alistahili kuwepo wakati jambo hilo likiamuliwa. Alistahili hata kukataa. Wao walimwamulia wakiwa wamesimama, kisha wakanywa chai.

Kesho ni zamu yangu kuomba.

Tangu nifike nyumbani nimekuwa nikiitunga sala yangu. Ndiyo iliyoviunguza vitunguu. "Baba, tunamleta mbele zako mwalimu mmoja, hatutaji jina, anayeketi karibu na dirisha, mwenye leso ya njano, ambaye mume wake..." Kwa sababu mambo ya Madam Praxides nami nayajua. Alinieleza mwenyewe siku yangu ya kwanza, mlango ukiwa umefungwa. Nimeirudia sala hiyo kwa sauti, nikaona shingo zikigeuka, nikamwona akiiacha chai ipoe. Imeniburudisha kuliko chakula chochote.

Sitaisema. Wala si kwa kumhurumia, sina huruma naye leo. Nilimwahidi Mwende kwamba mimi ni mtu wa kutunza neno, na sioni jinsi nitakavyolitunza la mmoja huku nikilimwaga la mwingine.

Basi kesho nitasimama, nitasema amina, nitaketi. Wakinuna, wanune.

Kisha nitaenda kukaa kwenye ile stoo ya mipira, simu mkononi, kwa kuwa tulipatana Ijumaa. Mwende akija, tutampigia shangazi. Asipokuja, sitamlaumu. Ningekuwa yeye, nisingekuja.