Uyoga Hautaki Kelele

Mama yangu,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu wewe hukupenda maneno ya kuzunguka.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinichukua kuokota uyoga pale kichuguuni, chini ya shamba letu la Chwele, mvua za kwanza zikishanyesha? Ulinikataza kuongea. Ulisema ati uyoga ukisikia kelele unajificha, na mimi nikaamini hadi nikaingia sekondari. Asubuhi moja uliinuka na kikapu mkononi ukasimama tu, ukitazama ukungu ukishuka kutoka Mlima Elgon, machozi yakikutoka. Niliogopa. Ukaniambia, "Nasimiyu, tangu tumzike ndugu yako nimebeba mimi. Leo nimebebwa."

Ukaenda kuyaeleza kanisani. Wacha we! Akina mama wakakuwekea mikono wakikemea pepo, naye baba akasema uchungu umekuharibu kichwa. Hukubishana na mtu. Lakini jioni hiyo ulipika ule uyoga ukiimba, wewe ambaye hukuwa umeimba tangu msiba.

Sasa ni zamu yangu. Tangu uende, silali. Kazini hapa Kitale nasoma barua moja mara tatu na bado sielewi. Watoto wakiniita, nawafokea. Daktari alisema mwili hauna neno, ni mawazo yamenilemea, akaniandikia dawa na kunishauri nitafute mtu wa kuzungumza naye. Dawa nameza. Mtu wa kuzungumza naye ndiye tuliyemzika.

Jumamosi nilienda nyumbani, nikashuka kichuguuni peke yangu. Nilitaka na mimi nibebwe, mama. Nilisimama pale pako nikangoja mpaka miguu ikauma. Wapi! Ndege, ukungu, na trekta ya mtu huko mbali. Kusema kweli nilikukasirikia. Nikaketi kwenye nyasi zenye umande nikalia, na katika kulia huko usingizi ukanichukua.

Nilipoamka jua lilikuwa limepanda, na nilikuwa nimefunikwa koti la baba. Yeye alikuwa ameketi kando, kofia magotini. Nikangoja aniambie kwamba na mimi kichwa kimeharibika. Badala yake akaniuliza polepole, "Mama yako alikuwa anasimama wapi hasa?"

Nikamwonyesha. Akaenda akasimama hapo, mzee wa watu, na mabega yake yakaanza kutetemeka.

Pumzika vyema, mama.

Kifungua mimba wako,
Nasimiyu