Jiwe la Kizingiti cha Mama Yako

Gitothua,
Ruiru.
16 Agosti 1959

Mpendwa mpwa wangu Bedan,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini kazi ya reli huko Tabora inakuendea vizuri, na kikohozi cha mtoto kimeisha. Sisi tu wazima, isipokuwa magoti yangu, na hayo nimeyazoea. Ninaandika kwa Kiswahili ili mkeo Saida asome mwenyewe, asikungoje utoke kazini.

Baridi ya Julai imekataa kuondoka. Ukungu unashinda juu ya machimbo ya mawe hadi saa tano, na maharagwe yamenyauka.

Kilichonishikisha kalamu ni nyumba ya mama yako.

Utakumbuka jiwe la kizingiti, lile ambalo juu yake wapima ardhi walichonga mshale na mstari baba yako alipomaliza kujenga. Mstari ule ni alama ya kimo: unaonyesha mlango wenu uko futi ngapi juu ya bahari. Mwaka huu wapima ardhi wamerudi, kutoka Thika kushuka hadi Ruiru, kwa sababu hesabu za vimo zimebadilishwa. Acha nikueleze, maana najua utauliza. Vimo vya zamani vilitegemea vipimo vya reli. Vipya vinaanzia kwenye bahari yenyewe, Mombasa, ambako maji yamepimwa kwa miaka yakijaa na kupwa hadi ukapatikana wastani. Ukibadilisha pa kuanzia, kila alama hubadilika ingawa hakuna jiwe lililosogea. Ni kama kuwapima watoto upya baada ya kuwavua viatu: kila mmoja anapungua, wala hakuna aliyefupika.

Sasa sikiliza. Alama zote za huku zimepungua inchi saba: ya darajani, ya stesheni, ya ukuta wa kanisa. Ya mama yako imepungua kumi na moja. Aliyeniambia ni Munyao, anayesoma darubini yao. Nilimfundisha hesabu zamani. Mkubwa wake alisema tu, "Ni hesabu mpya," akaagiza iandikwe hivyo. Lakini viatu vyote vilikuwa vya aina moja, Bedan. Nikamwomba Munyao apime tena kutoka darajani. Inchi mbili zaidi zilikuwa zimekwenda, na safari hii hakuna hesabu iliyobadilishwa. Nyumba inazama.

Unajua kilicho chini yake. Machimbo ya zamani yaliingia ndani kabisa ya mwamba, na ni humo ulimomwangukia baba yako, tukachimba na tusimpate.

Nilikwenda kwa mama yako mchana. Maji ya beseni yamefika ukingoni upande wa machimbo, na upande wa pili yako chini. Mlango unajifungua taratibu bila upepo, kisha unasimama palepale kila mara. Kuku wamehamia kwa jirani. Nikamwambia ahamie kwangu siku hiyohiyo.

"Ndung'u," akanijibu huku akichambua maharagwe, "hesabu za chini ya ardhi ulisomea wapi?"

"Nyumba inazama, Waithira."

"Haizami. Inaitwa."

Akaniambia, bila kuinua macho, kwamba baba yako Muigai amerudi kazini na humsikia akichonga. "Nikienda kwako atabaki na nani? Au utakuja wewe kukaa naye, na hayo magoti?" Akacheka.

Nilimweleza kwamba mwamba uliobeba uzito hupasuka, na kupasuka huko hugonga. Alinisikiliza vizuri, kama wanafunzi wangu walivyonisikiliza wakijua kengele iko karibu. Kisha akanionyesha mahali pa kuweka sikio.

Nikaweka. Unakumbuka baba yako alivyogonga tindo: mara tatu, kimya kidogo apulize vumbi, mara tatu tena. Hakuna mchonga mawe mwingine aliyefanya hivyo. Wenzake walimtania kwa hilo. Ndivyo nilivyosikia. Tatu, kimya. Tatu. Niliinuka nikasema ni mwamba, na sauti yangu haikunisaidia. Mama yako akachukua mwiko, akagonga sakafu mara tatu. Kule chini kukanyamaza, kama mtu anayesikiliza.

Mimi bado nasema ni mwamba. Lakini uwe mwamba au usiwe, mvua za Oktoba zikilowesha udongo ule, nyumba itaingia shimoni naye yumo ndani. Amenikatalia mimi, amemkatalia mchungaji. Anasema hawezi kumwacha mtu ambaye hakupata hata kaburi. Hajawahi kukukatalia wewe. Mwandikie mara upatapo barua hii.

Msalimie sana Saida, na umbebe mtoto wenu, Mwanarusi mdogo, kwa niaba yangu. Mke wangu Magdalene anawasalimu. Ameshatandika kitanda cha mama yako karibu na jiko, ambako ni joto.

Jambo la mwisho, na usinicheke. Katika karatasi hiyohiyo, mwandikie baba yako pia. Mwombe amruhusu aondoke. Nitaisoma kwa sauti mle ndani, polepole, wasikie wote wawili.

Mungu aishike imara ardhi iliyo chini ya miguu yenu.

Mjomba wako akupendaye daima,
Tobias Ndung'u